Fountains Abbey, Yorkshire: uzoefu wangu kwenye magofu ya abasia

Nianze na hukumu kwa ajili ya asiye na muda: kati ya magofu ya makanisa niliyotembelea Uingereza, haya ndiyo ninayomshauri mtu alipie kiingilio. Mengi ukishapiga picha umemaliza. Fountains Abbey, abasia (makao ya wamonaki, yaani watawa wa kiume) iliyoko kilomita chache kutoka mji wa Ripon huko Yorkshire Kaskazini, bado ina kuta za kutosha kiasi kwamba unatembea na kuona watu walisali wapi, walilala wapi, walijisaidia wapi, na nani alikuwa akifanya kazi za nani.

Hilo la mwisho ndilo lililonipeleka. Nimesoma Ndanda, kusini mwa Tanzania, na abasia kwangu si habari ya vitabuni. Ni kengele ya masifu, karakana, hospitali, na bruda, mtawa asiye padre, aliyejaa grisi hadi viwikoni. Kwa hiyo nikiona kanisa kubwa porini, swali langu la kwanza huwa ni nani aliyelisha nyumba hiyo.

Mwanzoni hakuna aliyeilisha. Mwaka 1132 wamonaki 13 walitoka katika abasia ya Wabenedikto ya St Mary's mjini York baada ya ugomvi mkali. Walitaka Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, sheria za maisha ya watawa, ifuatwe kama ilivyoandikwa, na wenzao waliokuwa wamezoea raha hawakutaka kusikia. Askofu mkuu Thurstan akawapa kipande cha bonde la mto Skell, pori tupu, nao wakaanza kuishi humo wakati wa baridi. Wakaomba kujiunga na Wasistersiani, shirika la watawa lililoifuata Kanuni hiyo kwa ukali zaidi, na Mtakatifu Bernardo wa Clairvaux akawatumia mmonaki wake, Geoffrey wa Ainai, awafundishe taratibu. Njaa nusura iwatawanye. Kilichowaokoa ni kuja kwa Hugh, dekano (mkuu wa makasisi) wa kanisa kuu la York, mwaka 1135, akiwa na mali yake na vitabu vyake. Hata ufukara ulihitaji mfadhili.

Mwaka 1147 abasia ilichomwa moto. Abate (mkuu) wake, Henry Murdac, alikuwa amempinga William FitzHerbert asiwe askofu mkuu wa York, na wafuasi wa William wakaja kulipiza. Cha kuchekesha, William huyo baadaye alitangazwa mtakatifu.

Ukumbi mkuu wa kanisa unaouona leo ni wa baada ya moto huo. Simama mlango wa magharibi utazame moja kwa moja hadi mwisho. Nguzo ni nene na za duara, hazina nakshi, na juu yake matao yana ncha. Lakini ukiinua macho zaidi, madirisha ya juu bado yana vichwa vya mviringo. Matao yenye ncha yalikuwa mageni Uingereza wakati huo, yalifika na Wasistersiani kutoka Burgundy, Ufaransa, na mafundi walijenga wakiwa na mguu mmoja huku na mwingine kule. Hakuna sanamu wala majani ya kuchongwa. Utaratibu wa shirika ulikataza mapambo, vioo vya rangi na minara ya kengele ya mawe. Umbo tupu na mwanga, basi. Mimi niliuona uzuri wake pale jua lilipopenya upande wa kusini.

Sasa geuka kulia uingie ghala, linaloitwa cellarium. Hapa ndipo nilipokaa muda mrefu kuliko popote. Ni chumba cha mita 90 hivi, dari lake la mawe bado lipo lote, likibebwa na safu moja ya nguzo katikati. Nguzo hizo hazina vichwa: mbavu za dari zinachipuka moja kwa moja kutoka kwenye shina na kusambaa pande zote. Popo wanaishi humo, na hapana shaka wanalielewa jengo kuliko watalii. Zamani lilikuwa limegawanywa kwa kuta ndogo: sehemu ya kuhifadhi vitu, na upande wa kusini chumba cha chakula cha mabruda wa kazi. Ghorofa ya juu ndiko walikolala, na vyoo vyao vilijengwa juu ya mto ili maji yachukue kila kitu. Mto wenyewe unapita kwenye mahandaki chini ya majengo.

Mabruda hawa waliweka nadhiri kama wengine, lakini hawakufundishwa kusoma, walifuga ndevu, na kanisani walikuwa na sehemu yao, upande wa magharibi, mbali na wamonaki wa kwaya, yaani wale walioimba masifu. Wao ndio waliochunga kondoo kwenye mashamba ya mbali, wakakata sufu, wakasimamia maghala. Sufu ndiyo iliyojenga yote unayoyaona. Mzee wa kujitolea aliyekuwa akituongoza alieleza vizuri jinsi abasia ilivyoanza kuuza sufu ya miaka ijayo kwa wafanyabiashara wa Italia na kupokea fedha mapema, hadi mwishoni mwa karne ya 13 ikawa imezama kwenye madeni. Mtu wa Mtwara aliyewahi kuuza korosho kwa kangomba, yaani kwa mlanguzi kabla ya msimu, hahitaji kuelezwa zaidi.

Upande wa mashariki kuna kikanisa cha altare tisa, cha karne ya 13. Ni kirefu, chembamba, na dirisha lake kubwa sasa limebaki tundu la anga. Kinachofanana nacho Uingereza ni kile cha kanisa kuu la Durham tu. Tafuta kichwa cha malaika kilichochongwa mahali ukuta ulipopasuka ukazibwa; upande wa pili wa ukuta huohuo kuna uso wa mtu anayechipua majani, ambaye sijui wamonaki walimkaribishaje.

Halafu kuna mnara. Kila picha ya Fountains utakayoiona inao, mita 50 hivi, na ni mzuri kweli. Uliinuliwa na abate Marmaduke Huby, aliyeongoza kuanzia 1495 hadi 1526, huku shirika lake likiwa lilishakataza minara ya namna hiyo zaidi ya karne tatu kabla. Ameuzungushia maandishi ya Kilatini kwamba heshima na utukufu ni vya Mungu peke yake. Karibu yake ameweka herufi za jina lake.

Miaka 13 baada ya Huby, mwaka 1539, yote yakaisha. Abate wa mwisho, Marmaduke Bradley, aliikabidhi nyumba kwa Mfalme Henry VIII, aliyekuwa akizifunga nyumba za watawa nchini, akapewa pensheni ya pauni 100 kwa mwaka. Wakati huo ndiyo ilikuwa tajiri kuliko nyumba zote za Wasistersiani nchini humo. Mabati ya madini ya risasi yaliyoezeka mapaa yakang'olewa, mvua ikafanya iliyobaki. Mawe mengine yako palepale karibu, kwenye jumba la Fountains Hall alilojenga Stephen Proctor kati ya 1598 na 1604.

Tiketi inahusisha pia bustani ya maji ya Studley Royal, kazi ya John Aislabie, waziri wa fedha aliyefukuzwa bungeni baada ya kashfa ya 1720 ya hisa za kampuni ya South Sea. Wengi wanaisifu kuliko magofu. Mimi mabwawa yaliyonyooka kwa rula hayanisemeshi, ila panda hadi Anne Boleyn's Seat, palipoitwa jina la mke wa Henry VIII aliyekatwa kichwa kwa sababu ya sanamu isiyo na kichwa iliyokuwepo. Kutoka hapo unaiona abasia yote kwa mbali.

Ya kuzingatia: treni haifiki Ripon, kwa hiyo ukitoka Leeds panda basi kupitia Harrogate, kisha basi jingine au teksi. Kutoka kituo cha wageni ni mteremko, na kurudi ni kilima. Mwenye magoti mabovu ajipange. Ziara za wazee wa kujitolea usiziruke. Na kama una saa mbili tu, acha bustani, anzia ghalani, mnara uwe wa mwisho. Nimeipa nyota tano.