MODPATH 7 na visima vya Mombasa: iaminike wapi, ishukiwe wapi

Anayetaka kujua maji ya kisima chake cha Kisauni au Likoni yanatoka upande gani, MODPATH 7 itamfaa sana. Ni programu ya bure ya USGS, shirika la jiolojia la Marekani, iliyotoka 2016. Husoma mtiririko uliokwisha kukokotolewa na MODFLOW, programu ya USGS inayoiga mwendo wa maji ya ardhini kwa kuigawa ardhi katika gridi ya vijisanduku viitwavyo seli. Kisha huachilia chembe za kubuni na kuzifuata: mbele kutoka kwenye chanzo cha uchafu kama choo, au kinyumenyume kutoka kisimani. Kasi yake ni nzuri mno. Maelfu ya chembe hazichoshi kompyuta ya kawaida. Asiyependa kuandika msimbo atumie ModelMuse, programu ya kuziendesha kwa madirisha, nayo ni bure. Wanaoandika msimbo kwa lugha ya Python wana FloPy.

Kwa kisima kimoja, anza kinyumenyume. Punguza seli za gridi hadi mita 10 au chini karibu na pampu, panga chembe kama 100 kwenye kuta za seli ya kisima, uziachie zirudi zilikotoka. Iamuru MODFLOW 6 ihifadhi viwango vya maji na mitiririko, na lisisahaulike faili la .grb, lenye umbo la gridi.

Seli za mita 100 huharibu kazi. Pampu ikivuta sehemu tu ya maji yanayopita kwenye seli, programu haiwezi kujua ni chembe ipi imenaswa. Mtumiaji ndiye huamua zisimame au zipite, na ramani mbili tofauti kabisa hutokea. Dawa ni kupunguza seli, si kubahatisha.

Lakini porositi, yaani sehemu ya mwamba iliyo matundu ya kupitisha maji, ndiyo yenye neno la mwisho. Chukua mwamba unaopitisha maji mita 20 kwa siku, mteremko wa maji mita 2 kwa kilomita, na choo cha shimo mita 100 kutoka kisimani. Ukiandika porositi 0.2, chembe hufika baada ya siku 500. Ukiandika 0.02, siku 50, na siku 50 ndizo England hutumia kupima eneo la ndani la ulinzi wa kisima. Njia kwenye ramani ni ileile. Kilichobadilika ni muda. Matumbawe ya Mombasa yana mifereji iliyoliwa na maji, kwa hiyo porositi ndogo si ya kupuuzwa. Tena chembe hazitawanyiki: vijidudu vya kwanza vinaweza kuwahi kabla ya muda uliokokotolewa.

Karibu na ufuo, uzito wa maji ya chumvi lazima uingizwe kwenye MODFLOW yenyewe, kwa kifurushi cha BUY. Bamvua hapa hupandisha na kushusha bahari zaidi ya mita 3, basi modeli inayotumia kimo cha wastani cha bahari isiaminiwe kwa visima vya ukingoni.

Kosa jingine ni ramani za zamani zinazotumia Arc 1960 kuchanganywa na vipimo vya GPS vya WGS84, maana hiyo ni mifumo miwili tofauti ya kutaja mahali. Kisima huhama takriban mita 300, na njia zote zikahama nacho.

Kwa gridi za pembe nyingi, MODPATH 7 haifai. Tumia PRT, kifuatilia chembe kilichomo ndani ya MODFLOW 6 tangu 2024. Ukiagiza kazi hii kwa mtaalamu, dai ripoti ionyeshe muda kwa porositi mbili au zaidi, na ukubwa wa seli ya kisima uandikwe wazi.