Chombo cha kubebea chakula cha mtoto shuleni: kipi ununue kipi uache, nimevipanga kuanzia bora

Kila shule zikikaribia kufunguliwa naulizwa swali lilelile na majirani na mashemeji, eti mtoto nimnunulie hotpoti gani na chupa gani ya maji maana nasikia plastiki zinaharibu homoni. Nimechoka kujibu mmojammoja, naandika mara moja hapa.

Kwanza tatizo lenyewe. Kuna kemikali inaitwa bisfenoli A, wenyewe wanafupisha BPA, inatengenezea ile plastiki ngumu inayong'aa kama kioo, polikaboneti, na ile rangi ya ndani ya makopo mengi ya chakula. Tangu miaka ya 1930 mwanasayansi wa Uingereza Charles Dodds alishaonyesha kwamba inafanya kazi kama estrojeni, homoni ya kike, yaani mwili ukiipata unaipokea kama ya kwake. Kuna na thaleti, hizo ni za kulainishia plastiki iitwayo PVC, na baadhi yake zinapunguza homoni ya kiume. Homoni huwa inatenda kazi kwa kiasi kidogo mno, ndo maana mjamzito na watoto ndo wanaohofiwa zaidi. Ila wakubwa wenyewe hawajakubaliana: 2023 wakala wa usalama wa chakula wa Ulaya, EFSA, walishusha mara 20,000 kiwango cha BPA ambacho mtu anaweza kukipata kwa siku bila kuhofia, na mwisho wa 2024 Umoja wa Ulaya ukaipiga marufuku kwenye vyombo vya chakula, huku FDA, wakala wa chakula na dawa wa Marekani, wanasema kwa kiasi kinachoingia kwenye chakula ni salama tu. Mimi naenda na Ulaya, chombo si nanunua kwa hela yangu.

Kitu cha kukariri kabla hujaingia dukani: angalia kinachogusa chakula cha moto, hayo mengine ni mapambo. Chuo Kikuu cha Cincinnati, Marekani, 2008 walimwaga maji yanayochemka kwenye chupa za polikaboneti, BPA ikatoka kwa kasi hadi mara 55 ya ile ya kabla ya maji hayo ya moto. Mafuta nayo yanavuta kemikali, kwahiyo wali wa nazi wa moto kwenye plastiki ndo mbaya kuliko embe lililokatwa.

Namba moja ni stili, na hapa ndo watu wanapigwa sana. Hotpoti nyingi madukani nje zina maua mazuri ila ukifungua ndani ni plastiki tupu, na ndani ndo pilau linapokaa! Fungua mfuniko, tia mkono, stili utaijua kwa ubaridi wake, na mfuniko nao ukague upande wa ndani. Kwa chupa kuwa makini na zile nyepesi mno, ukichungulia ndani unaona rangi nyeupe au ya dhahabu, hiyo ni alumini iliyopakwa na rangi yenyewe yaweza kuwa epoksi inayotokana na hiyohiyo BPA. Stili haihitaji rangi ndani. Ni ghali ndiyo, ila yangu ina mwaka wa sita, imebonyea tu.

Mbili ni glasi. Kwa kemikali haina mpinzani, nimeishusha kwa sababu moja tu, mtoto wa darasa la pili na glasi jamani hapana. Iacheni nyumbani, kwenye friji na maikrowevu, na mitungi ya asali na jemu mkimaliza msitupe.

Tatu, plastiki namba 5. Geuza chombo, chini kuna kipembetatu chenye namba. Namba 5 haitengenezwi kwa BPA na inavumilia joto kuliko wenzake, ila mimi naiwekea matunda, mkate, maandazi yaliyopoa basi. Ikianza kukwaruzika iondoeni kwenye chakula. Madumu namba 2 kwa maji ya kunywa hayana shida.

Nne, chupa za maji za dukani, namba 1. Hizi nazo hazina BPA, watu wanazisingizia, ila ni za kitu cha baridi. Kuna wanaomimina chai ya moto humo, chupa inajikunja kama karatasi na bado wanamfungia mtoto.

Tano ni zile chupa ngumu za kung'aa, nyingi namba 7. Harvard 2009 wanafunzi 77 walizinywea wiki moja tu, BPA kwenye mkojo ikapanda 69%. Muuzaji atakuonyesha stika ya "BPA Free", sawa, lakini nyingine wametoa BPA wakaweka ndugu zake BPS na BPF wenye tabia zilezile, stika isikupumbaze.

Mkiani kabisa ni supu ya moto kwenye nailoni, chipsi kavu kwenye foam, na ule mtindo wetu wa kufunika ubwabwa na nailoni ili uive vizuri. Mama mkwe wangu nimemshindwa kwa hili, najifanya sijaona.

Kama hela ni ya kitu kimoja tu, anza na kinachobeba chakula cha moto, chupa ya maji itasubiri. Na faida yake haichelewi maana BPA haikai mwilini, inatoka na mkojo ndani ya siku moja hivi. Marekani 2011 familia 5 ziliacha vyakula vya makopo na plastiki siku 3 tu, BPA ikashuka 66%. Yale makontena ya zamani yawekeeni vitunguu, chumvi, vibanio vya nguo, chochote kile kisicho cha moto.