Taya za rezini za kindi: nyota 3 kati ya 5

Seti hii, ya rezini (plastiki ngumu ya kumiminwa kwenye kalibu), ni ya wanaotengeneza wanyama waliokufa kwa maonyesho, na huja na taya ya juu na ya chini, ufizi na magego yakiwa yameshachongwa, tayari kwa kubandikwa kwenye umbo la povu linalovalishwa ngozi ya mnyama. Kwa kindi anayeonyeshwa akiwa ameachama, inaokoa kazi nyingi. Kama mdomo unafumbwa, usiinunue: hapo zinaonekana ncha za meno manne tu, na meno ya mnyama mwenyewe hayana mpinzani.

Tatizo kubwa ni rangi. Kato za kindi (yale meno marefu ya mbele) zina enameli (tabaka gumu la nje la jino) ya rangi ya chungwa upande wa mbele peke yake. Nyuma ni nyeupe iliyofifia. Za rezini huja nyeupe pee, au zimepakwa chungwa kuzunguka jino zima. Zikwaruze kwa msasa namba 600, kisha paka rangi ya akriliki nyepesi mbele tu, mara mbili au tatu. Ukipaka mara moja kwa uzito, jino linageuka plastiki papo hapo.

Ncha nazo ni nene mno. Jino la kweli huliwa kutoka nyuma mpaka likawa kali kama patasi, kwa hiyo kwangua upande wa nyuma, na usiuguse wa mbele isipokuwa kuondoa mshono wa kalibu. Pima pia upana wa taya kabla hujatupa fuvu. Kwenye kichwa kidogo hivi, milimita 1 ya ziada inasukuma mdomo wa juu na pua inabinuka.

Anayetumia meno halisi asiyachemshe, dentini (sehemu ya jino iliyo chini ya enameli) hupasuka. Yaloweke kwenye maji mpaka yalegee, yasafishe kwa peroksidi ya hidrojeni ya asilimia 3 (klorini inayala), yakauke polepole kivulini, kisha dondoshea supaglu nyepesi kwenye nyufa. Kabla ya kuyang'oa, weka alama ya penseli pale ufizi unapoishia. Hili wengi hulipuuza, na ndiko meno ya kutisha yanakotoka: mzizi wa kato ni mrefu, umepinda, na sehemu kubwa hukaa ndani ya mfupa. Toboa povu kufuata pindo hilo, changanya puti ya epoksi (gundi nzito ya sehemu mbili) sawa kwa sawa, zamisha jino hadi kwenye alama. Kato za chini zikae nyuma ya zile za juu. Acha saa 24 kabla ya kuvalisha ngozi.

Kwa rezini au meno halisi, midomo husinyaa ikikauka na kuacha ufizi wazi. Ibane kwa pini na vipande vya karatasi ngumu, uikague kila siku mpaka ikauke kabisa. Vanishi ya kung'aa ipakwe kwenye ufizi na ulimi. Menoni iwe nyembamba sana, la sivyo inajikusanya kati ya kato mbili na kuziba ule mwanya.