Forester SJ5: swichi tatu za duara zilizoniteka

Karibuni tena ndugu zangu, mlioko Kampala, Jinja, Mbarara, na nyinyi wa Arua mnaoniandikia kila wiki. Leo nimekaa ndani ya Subaru Forester ya mwaka 2014, ile ambayo namba ya chasisi yake inaanza na SJ5. Injini na matairi manne yanayovuta mnavijua, sirudii. Kamera ishuke kidogo. Hapo hapo.

Swichi tatu za duara, za hewa na joto ndani ya gari. Kubwa, zimejaa mkononi. Gari limeegeshwa, nafumba macho. Mkono unatoka kwenye usukani, unashuka, umefika. Nazungusha hii ya joto: tak, tak, tak. Vidole vimehesabu tatu na macho bado nimefumba! Ngoja nirudie, maana hili ndilo lililonitoa nyumbani leo. Mkono, swichi, tak. Basi.

Juzi niliendesha gari jipya la rafiki yangu, jina silitaji. Kila kitu kiko kwenye skrini. Mvua ikatukuta Jinja Road saa kumi na moja jioni, kioo kikashika ukungu, bodaboda kushoto, bodaboda kulia. Ili hewa ipige kioo cha mbele nilibonyeza skrini mara tatu, na mara ya pili tairi liliingia shimoni, kidole kikaangukia redio. Macho yangu yalikuwa wapi muda wote huo? Nilikasirika, na hasira haijaisha. Euro NCAP, wale wanaopima usalama wa magari huko Ulaya, kuanzia 2026 wanadai honi, wipa, indiketa na hazadi ziwe na swichi za kushika ndipo gari lipate alama za juu. Wamechelewa, lakini nawashukuru.

Halafu majina. Mnajua Subaru ni nini kwa Kijapani? Ni Kilimia! Nyota zile zile ambazo wazee wetu walizitazama kujua msimu wa kulima. Hapa kwenye nembo, nyota kubwa moja na ndogo tano: kampuni tano zilizoungana miaka ya 1950. Jina lina maana, linakaa. Toyota Harrier nayo ni ndege wa jamii ya mwewe, na mwewe mwenyewe alikuwa usoni mwa gari mpaka hii mpya ya 2020 ilipomwondoa. Kwa nini? Sasa nenda BMW: zamani 328i ilikuwa na injini ya lita 2.8. Leo 330i ina lita 2.0 na turbo, kile kifaa cha kusukuma hewa kwenye injini iongeze nguvu. Namba inasema tatu, injini inasema mbili. Mnunuzi afanyeje?

Hata Forester, usiamini maandishi ya mlango wa nyuma, yanabandikwa. Soma kibati cha chasisi. SJ5 haina turbo. SJG ndiyo yenye turbo, na ile ina kiu nyingine kabisa ya petroli.

Tukigusa kiu: tangi ni lita 60. Hesabu lita moja shilingi 5,000, ni laki tatu kulijaza. Kwenye jamu ya Wandegeya utaliona hilo. Lakini hii ina cheni ya injini. Zile Forester za zamani, SG, zina mkanda, na mkanda ukikatika unalia na injini nzima. Giaboksi ni CVT, ile otomatiki isiyo na gia za hatua na yenye mafuta yake maalumu, kwa hiyo simama na fundi wako, uone kwa macho yako mkebe wa mafuta anayotia. Yakiwa ya giaboksi ya kawaida, mzuie. Spea soko la Kisekka zimejaa, hilo halinitishi.

Redio imeniudhi kidogo. Imetengenezwa kwa FM ya Japani, inaishia 90, na stesheni zetu nyingi ziko juu ya hapo. Unafunga kifaa cha kuongeza masafa, unasahau.

Wanaoagiza, kumbukeni sheria ya 2018: gari lililopita miaka 15 haliingii Uganda. SJ za kwanza ni za 2012. Jumlisheni wenyewe. Na Harrier mliyoiomba inakuja wiki ijayo, mwenye gari ameshakubali.

Aa, mvua hiyo. Kioo kimeanza kuwa cheupe, mnaona? Sitazami chini. Mkono… swichi… tak. Hesabuni na mimi. Moja, mbili, tatu, nne… tazameni kiooni, hapo chini, pameanza kufunguka.