Modeli ya sikio la ndani: mifereji ipo, fuwele hazipo

Modeli hii ya plastiki, inayouzwa kwa maabara za sekondari, inaonyesha sikio la ndani la binadamu likiwa limekuzwa mara nyingi. Kwa somo la kusikia haina dosari kubwa: konokono wa sikio anafunguka vizuri, na neva yake imepakwa rangi ya njano inayoonekana hata kutoka dawati la nyuma. Taabu huanza mwalimu anapofika kwenye usawa wa mwili.

Ukifungua vifuko vya utrikuli na sakuli unakuta ukuta mweupe mtupu, basi. Hapo ndipo palipopaswa kuonyeshwa fuwele za kalsiamu kaboneti, ndogo kama vumbi, zilizolala juu ya utando wa ute ulioshikana na vinyweleo vya seli za fahamu. Kwa kuwa fuwele hizo ni nzito kuliko majimaji yanayozizunguka, kichwa kinapoinama au gari linapoondoka ghafla huuvuta utando, vinyweleo vikapinda na ubongo ukapata habari. Mifereji mitatu ya nusu duara, ambayo mtengenezaji ameichonga kwa ustadi, hupima mzunguko wa kichwa. Haiwezi kumweleza mwanafunzi jinsi abiria wa lifti aliyefumba macho anavyojua kwamba anapanda.

Kijitabu chake nacho kimenyamaza kuhusu fuwele hizo zinakotoka. Seli za vifuko hutoa protini, hasa otokonini 90, na juu ya protini hizo madini hujipanga na kukua. Kwa binadamu kazi hiyo hufanyika zaidi kabla ya kuzaliwa, ilhali samaki huongeza tabaka maisha yake yote. Pengo hilo nimeliziba kwa kichwa cha samaki aina ya changu kutoka sokoni. Jiwe jeupe la sikio lake hutoka zima kwa kibanio, na likikatwa na kusuguliwa hadi liwe jembamba, darubini huonyesha miduara ya ukuaji.

Ninachokisifu bila kusita ni pembe za mifereji. Ukiigeuza modeli hatua kwa hatua, darasa linaelewa jinsi mbinu ya daktari John Epley wa Marekani, iliyochapishwa mwaka 1992, inavyozirudisha kwenye utrikuli fuwele zilizochomoka na kuingia mferejini, zikamletea mtu kizunguzungu kila anapojigeuza kitandani. Ajabu ni kwamba mwalimu hulazimika kueleza haya yote kwa fuwele za kufikirika, wakati chenga chache za plastiki nyeupe zisingeongeza gharama ya maana. Shule yenye modeli ya zamani ya sikio haina sababu ya kuibadilisha kwa hii.