"Kwa nini wasikimbie tu?": uzoefu wangu na huduma ya kutathmini miswada

Huduma yenyewe siitaji, anayeijua ataijua. Ni ile unayotuma mswada mzima wa riwaya, unalipia kwa idadi ya maneno, kisha unarudishiwa faili yenye maoni ya kando pamoja na ripoti. Bei na muda wa kusubiri viko kwenye tovuti yao, kasome huko. Mimi nina swali moja tu la kulalamikia, ambalo msomaji wao aliliandika kando ya sura ya pili, akalirudia sura ya tano, na karibu na mwisho akaliandika kwa herufi kubwa: KWA NINI WASIKIMBIE TU?

Mswada ni wa distopia, yaani riwaya ya jamii ya kubuni iliyokwenda kombo. Mji umejifungia, una hekalu, na hekaluni wanalelewa watoto tangu uchanga ili watolewe kafara wakifika miaka 13. Lango la hekalu halina kufuli. Hilo ni la makusudi, ndiyo nguzo ya hadithi nzima, na mtu anayelipwa kusoma riwaya za aina hii alipaswa kuliona mapema.

Nilimwandikia kwa adabu kumuuliza kama sura ya nne haikumjibu. Akarudisha: "Ndugu mwandishi, mswada unaohitaji kuelezwa umeshashindwa. Soma distopia chache kwanza." Nilikuwa nimekusudia nyota tatu. Zikawa moja papo hapo.

Haya, tusome basi, na tuanzie mbali kuliko distopia. Katika kitabu cha Waamuzi, sura ya 11, binti Yeftha anajua kabisa nadhiri ya kafara aliyowekewa na baba yake. Anaomba miezi miwili, anapewa, anakwenda milimani na wenzake, na hakuna mlinzi anayetajwa. Miezi inaisha, anarudi mwenyewe. Katika Qur'ani, sura ya 37, Ibrahim anamweleza mwanawe ndoto aliyoota, na kijana anamwambia baba atende alivyoamrishwa. Uzito wote wa visa hivyo uko katika kuridhia. Ukitia kufuli langoni unaandika riwaya ya gereza, nayo ina sheria zake na wasomaji wake.

Ila kuridhia hakuji hivi hivi, kunajengwa, na hapa ndipo riwaya nyingi za aina hii zinapoanguka. Umri wa kuingia una maana. Watu wazima wengi hawana kumbukumbu ya kabla ya miaka 3 hivi, kwa hiyo hekalu linalojua kazi yake huchukua wachanga. Mtoto wa miaka 5 tayari ana nyumba kichwani.

Halafu kuna suala la siri. Waandishi wanapenda kuwaficha watoto hatima yao hadi usiku wa mwisho, kuhani afichue, mtoto alie, sura iishe. Siri hiyo haikai, na ni hesabu tu inayoikataa. Akitolewa mmoja kila mwezi, na malezi ni miaka 13, jengo lina watoto 156 wakati wowote, bila kuhesabu akiba ya kufidia wanaokufa kwa maradhi. Wasiofika miaka 2 ni 24. Mnyonyeshaji mmoja akibeba wawili, hao ni wanyonyeshaji 12, bado wapishi, wafuaji, wafagiaji, makuhani. Nani atafunga midomo yote hiyo wakati kila mwezi kitanda kimoja kinabaki kitupu? Kwa hiyo wanaambiwa mapema, wakiwa hawajajua kuogopa, na wanaambiwa kwa nyimbo. Punguza iwe mmoja kwa mwaka, unabaki na watoto 13, na kila mmoja anaisoma zamu yake kwa kutazama safu ya vitanda. Idadi ndiyo inayokuchagulia riwaya: 156 ni taasisi yenye madaftari, 13 ni ndugu wanaojuana kwa harufu. Msomaji wao alishauri hesabu hii yote ikatwe kwa sababu "inapunguza kasi." Kasi ya kwenda wapi?

Wazazi nao lazima wapate kitu. Katika dola ya Wainka, iliyotawala Amerika Kusini kabla ya Wahispania, binti mmoja aitwaye Tanta Carhua, wa miaka 10 hivi, alitolewa kafara mlimani na baba yake, Caque Poma, na baba akapata uchifu. Habari hizo ziliandikwa na padri mmoja mwanzoni mwa karne ya 17, chini ya utawala wa Hispania, naye anasema binti alisherehekewa Cuzco, mji mkuu wa Wainka, kisha akarudi akiwa tayari kwa lolote. Masimulizi ya namna hiyo huhifadhiwa na ukoo ulionufaika, kwa hiyo yasimezwe mazima. Lakini mpangilio uko wazi: sherehe, cheo cha baba, kisha mlima.

Na hata aliyeridhia huongezewa kitu. Mwaka 1999 miili mitatu ya watoto wa Kiinka, imeganda, ilipatikana kwenye kilele cha Llullaillaco, mpakani mwa Argentina na Chile, mlima wa mita 6,739. Nywele hurefuka karibu sentimita moja kwa mwezi, hivyo ukizipima kipande kwa kipande unapata kalenda ya alichokula mwenyewe. Za msichana mkubwa, aliyekuwa na miaka 13 hivi, zinaonyesha kwamba mwaka mmoja kabla ya kifo chakula chake kilibadilika, mahindi na nyama vikaingia kwa wingi. Koka, majani ya kutafuna yenye kuchangamsha, ikapanda. Pombe ikapanda sana wiki za mwisho. Wale wadogo wawili walipewa kidogo kuliko yeye. Anayeelewa zaidi ndiye anayeleweshwa zaidi! Kwa mwandishi, hiyo ni zawadi: mlo ubadilike mwaka mzima kabla, kileo kipande kadiri siku zinavyokaribia, na awepo mpishi anayepima, maana yeye atajua nani ameanza kuwa na shaka kabla hata kuhani hajajua. Mpishi huyo yumo katika mswada. Kando yake kuna alama ya kuuliza, basi.

Tena kukimbia kupo, ila hakupitii langoni. Kafara hutakiwa iwe haina kilema. Kitabu cha Walawi, sura ya 22, kinaweka sharti hilo kwa wanyama, na riwaya yoyote ya makuhani wagumu italihamishia kwa watoto. Sasa fikiria mtoto aliyelijua sharti hilo. Haendi langoni, anakwenda jikoni kutafuta kisu, na kidole kimoja kinamtosha. Kwa hiyo hekalu linahesabu visu asubuhi na jioni, chakula kinaletwa kikiwa kimeshakatwa, kucha zinakatwa na watu wazima, na kila wiki watoto wanakaguliwa vidole, masikio na meno.

Meno ndiyo kitendawili kitamu kuliko vyote. Ya utoto huanza kung'oka karibu na miaka 6. Je, pengo ni kilema? Makuhani watalazimika kutoa hukumu, na wakisema pengo la utotoni si kilema, watakuwa wamejitengenezea shida, kwa sababu magego ya utoto mengine hung'oka hata karibu na miaka 12. Mtoto mjanja wa umri huo ataonyesha pengo la jino la utoto lililochelewa na kuapa kuwa lilikuwa la ukubwani, kwamba ameharibika. Nani atabisha? Hekalu linahitaji mtu wa meno na daftari la meno. Sura hiyo msomaji wao aliiandikia neno moja: "Inachukiza." Ilikusudiwa ipendeze?

Na kinachomzuia mtoto asijikate ni kanuni ya badala. Siku ya kafara haisogei. Wa kwanza akiharibika, anapanda wa pili, yule mnayelala naye vitanda vinavyogusana, aliyebakiza mwezi mmoja wa kuishi na sasa hana hata huo. Kufuli la lango ni yeye. Iko sura ya nne, imeandikwa wazi, ukurasa mzima. Wala nyota moja hawaistahili.

Lakini mwishoni mwa ripoti pana jedwali, nami siwezi kulinyamazia. Mtu amekaa akaorodhesha kila mtoto, umri wa kuingia, umri wake katika kila sura, nani anampisha nani, na zamu ikiruka anapanda nani. Ni kazi ya mtu mwenye macho na subira. Ukiandika riwaya yenye watoto wengi wanaokua, jedwali kama hilo ni mali. Chini yake kuna mstari mdogo: "Huyu aliyeletwa akiwa na miaka 6, anakumbuka nini?" Swali zuri kupita kiasi. Huyo ndiye anayeweza kweli kutoka kwa miguu yake, kwa sababu ana mahali pa kwenda, na mbaya zaidi anaweza kuwasimulia wenzake kwamba mahali hapo papo. Hekalu lenye akili lingemlaza mbali na wachanga, au lingempeleka mbele ya foleni haraka. Kwa mstari huo peke yake nilirudi kwenye nyota tatu, nne hata.

Sasa niambieni, aliyeuliza hivyo ndiye yuleyule wa herufi kubwa? Siamini. Mswada umesomwa na wawili. Nikaandika kuuliza, nikajibiwa kuwa tathmini imefungwa na ujumbe wa ziada unalipiwa upya. Kulipia upya ili nijue nani amesoma kazi yangu!

Nyota mbili. Ukiamua kuwatumia, ambatisha karatasi moja ya sheria za ulimwengu wako: idadi, umri wa kuingia, kanuni ya badala, nini ni kilema. Dai jedwali la umri kwa maandishi kabla hujalipa. Na wakikutajia anayelichora, omba mswada apewe yeye peke yake.