Piza za Marekani: ipi ununue kwanza, ipi isubiri

Wadau, mtu akienda Marekani akiuliza ale piza gani anaambiwa Chicago, basi, kwa sababu ndo jina lililozoeleka. Mi nabisha. Nunua kwa njaa uliyonayo na muda ulionao.

Namba moja kwangu ni New Haven, Connecticut. Wenyewe wanaiita apizza, ila wanatamka kama "abiits", Kiitaliano cha Napoli kilichohamia na wazee wao. Frank Pepe alifungua mgahawa wake wa piza pale mtaa wa Wooster mwaka 1925 na mpaka leo wanaoka kwa makaa ya mawe, kwa hiyo inakuja nyembamba, haina umbo la kueleweka, ina madoa meusi, na usiirudishe jikoni ukadhani wameunguza, utamu uko hapo hapo. Angalizo: ukiagiza ile ya kawaida unaletewa sosi ya nyanya na jibini kavu kidogo tu ya kunyunyiza, mozzarella, ile chizi laini inayovutika, lazima uitaje, wao wanasema "mootz". Kama unakula vitu vya bahari chukua ile nyeupe ya kombe, kitunguu saumu na mafuta ya zeituni, nyanya hamna. Foleni ni ndefu kwelikweli, nenda mapema.

Ya pili Detroit. Hii ni ya wale tunaogombania ukoko wa wali. Ni ya mstatili, nene ila laini ndani, ilianzia baa ya Buddy's mwaka 1946 na inasemekana trei zake za chuma zilitoka viwanda vya magari, zilikuwa za kuwekea vipuri. Chizi yao inaitwa brick, inatoka Wisconsin, wanaimwaga mpaka ukingoni inagusa chuma inajikaanga inakuwa ukoko wa kahawia, afu sosi inapakwa juu kwa mistari. Ya kubeba nyumbani chukua hii, ikipoa bado inalika.

New York ya tatu, na najua hapa nitatukanwa. Kama una dola chache na unatembea, hamna inayoishinda: unanunua kipande kimoja, unakikunja kwa urefu, unakula huku unavuka barabara. Nzima huwa inchi 18 hivi, vipande nane, watu watatu wanne mnashiba. Shida ni ukiipeleka mbali kwenye boksi, inakuwa mpira.

Chicago sasa. Ile ya sufuria, ya tangu mgahawa wa Pizzeria Uno 1943, chizi iko chini na nyanya juu kwa sababu inakaa ovenini nusu saa mpaka dakika 45, chizi ingekuwa juu ingeungua. Vipande viwili umelala. Siyo mbaya, ila ukienda na njaa kali utasubiri mpaka uchukie watu. Na wenyeji wengi siku za kawaida wanakula ile nyembamba inayokatwa vipande vya mraba, ya kwenye baa. Anza na hiyo.

St. Louis naiweka mwisho. Unga hauna hamira, inavunjika kama biskuti, hiyo naikubali, lakini chizi yao ya Provel inaganda kwenye meno aisee.

Kwa Waislamu na wengine msiokula nguruwe: pepperoni siyo pilipili, mara nyingi ni soseji ya nguruwe iliyochanganywa na ng'ombe, kwa hiyo uliza kabla hujalipa.